Usiguse Randa Kwanza: Vipimo vya Ubao Wako wa Kwanza wa Mawimbi

Weka randa chini. Iweke mbali, hata kama umeikodi kwa saa na mwenyewe ameshaanza kukupigia simu. Kazi ya mchongaji mpya huharibikia kwenye penseli, nusu saa kabla ya unyoya wa kwanza wa povu kuanguka sakafuni, pale anapoandika vipimo vya mtu mwingine na kuamini kwamba vitamgeuza awe mtu huyo.

Mara nyingi mtu huyo ni Kelly Slater. Mmarekani huyu wa Florida ametwaa ubingwa wa dunia wa mchezo wa mawimbi mara 11, wa kwanza mwaka 1992 na wa mwisho mwaka 2011. Mwanzoni mwa enzi yake alipanda mbao nyembamba ajabu: urefu futi 6 na ushei, upana inchi 18 na ushei, unene inchi 2 na ushei. Dunia nzima ikamwiga. Maduka ya California na Australia yakajaa mbao za namna ile. Wanaume wenye vitambi na kazi za ofisini wakazinunua, wakajilaza juu yake, na mbao zikadidimia pamoja nao mpaka maji yakawafika mabegani. Slater aliziweza kwa sababu alikuwa na kilo sabini na kitu, mikono iliyopiga maji tangu utotoni, na mawimbi yenye nguvu ya kumrusha. Wewe una moyo, ndugu yangu, na moyo hauelei.

Kwa hiyo vipimo vyako vitoke kwako: uzito wa mwili wako, tabia ya wimbi lako, na makosa ya mikono yako. Hilo la tatu ndilo watu wasilotaka kulisikia. Nitalirudia mpaka ulisikie, maana nimeona povu zuri mno likigeuka vumbi kwa sababu mtu alijipangia vipimo vya fundi wa miaka 30 ilhali randa ameishika asubuhi ile.

Anza na mzani. Jipime ukiwa umeshiba, kwa kuwa hutaingia baharini na njaa ili kuupendeza ubao. Ukiwa California ongeza uzito wa suti ya mpira, maana maji ya kule ni baridi na suti ikilowa huwa na kilo zake. Sasa kumbuka Archimedes wa darasa la fizikia: ubao hubebwa na uzito wa maji unayoyasukuma pembeni. Lita moja ya maji ya bahari ni kilo moja na gramu 25 hivi. Ukijua ujazo wa ubao kwa lita, umejua mzigo ambao unaweza kuubeba kabla haujazama wote, ukiondoa uzito wa ubao wenyewe.

Bingwa mwenye kilo 75 hutosheka na lita 27 hivi. Akilala juu yake anaelea nusu mwili, na hajali, kwa sababu anajua wapi wimbi litavunjika na huwahi pale sekunde mbili kabla. Wewe unayeweza kusimama lakini bado unaanguka kila ukigeuka unahitaji karibu mara mbili ya hizo: lita 50, au 52. Na kama hujawahi kusimama kabisa juu ya wimbi, lenga lita 70 kwenda juu, yaani ubao wa futi 9. Au azima ubao laini wa kujifunzia na uiache randa mpaka mwakani. Hakuna aibu katika kungoja. Aibu ni kutumia mwezi mzima kuchonga kitu ambacho kitakurudisha ufukweni umekikumbatia kwapani huku watoto wanakupita.

Lita hizo utazipataje kabla ya kuchonga? Zidisha urefu kwa upana kwa unene, vyote kwa inchi, ugawanye kwa 61, maana lita moja ni inchi za ujazo 61. Jibu ni ujazo wa sanduku ambalo ubao wako ungeingia humo barabara. Lakini ubao una pua iliyochongoka, mkia uliopungua na mbavu za mviringo, kwa hiyo chukua asilimia 55 hadi 60 ya jibu hilo. Ni hesabu ya nyuma ya bahasha, na kwa ubao wa kwanza inatosha kabisa.

Tuifanye pamoja kwa wimbi la kweli. Nachagua San Onofre, ufukwe ulio kati ya Los Angeles na San Diego, kwa sababu ni mahali ambapo ubao wa kwanza hupewa nafasi ya kuishi. Wimbi lake huanza kuvunjika mbali, huja taratibu, hukusukuma bila kukutupa. Mwendo mfupi tu kutoka hapo, ndani ya hifadhi ile ile ya pwani, liko wimbi la Lower Trestles, jepesi na kali, ambako mashindano ya mawimbi ya Olimpiki ya 2028 yamepangwa kufanyika. Mawimbi mawili jirani, mbao mbili zisizofanana hata kidogo. Ndiyo maana mtu akikuuliza unataka ubao wa futi ngapi, muulize kwanza ufukwe gani. Waliotazama Olimpiki ya Paris mwaka 2024 waliona mashindano yakifanyika Teahupo'o, Tahiti, ambako wimbi ni bomba zito linaloangukia juu ya matumbawe. Kauli Vaast, kijana wa kisiwa hicho hicho, akashinda. Ubao uliomfaa Vaast pale ungekutesa San Onofre, na ubao unaokufaa San Onofre ungevunjika Teahupo'o asubuhi ya kwanza, pengine pamoja nawe.

Kwa San Onofre, na kwa kilo 75, mimi naandika hivi: urefu futi 7 na inchi 6, upana inchi 21 na nusu, unene inchi 2 na robo tatu. Piga hesabu yako: 90 mara 21.5 mara 2.75, gawanya kwa 61, unapata sanduku la lita 87. Asilimia 55 hadi 60 ni lita 48 hadi 52. Umefika. Kama una kilo 90, usirefushe ubao tu, nenepesha na upanue pia. Kama una kilo 55, punguza unene kwa robo inchi na upana kwa inchi moja, urefu uuache kama ulivyo.

Mbona urefu wote huo, utauliza, wakati vijana wanapanda mbao fupi kuliko wao wenyewe? Kwa sababu wimbi la polepole halikusukumi, linakualika, na ni lazima uwe unakwenda tayari linapokufikia. Urefu ndio unaobeba mwendo. Wahawaii walilijua hili karne nyingi kabla ya povu kubuniwa. Machifu wao walipanda olo, ubao mrefu mno, mnene, uliofaa mawimbi yanayovimba polepole nje ya Waikiki, na watu wa kawaida wakapanda alaia, mfupi na mwembamba. Jumba la makumbusho la Bishop, Honolulu, bado lina mbao za chifu Abner Pakī, na ukiziona utaacha kuringia futi zako 7. Duke Kahanamoku, aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuogelea katika Olimpiki ya 1912, baadaye alipanda Waikiki ubao wa futi 16 wenye uzito wa zaidi ya kilo 50. Hakuwa na haja ya kugeuka kwa fujo. Alisimama wima, akaenda. Hata mwaka 1966 Nat Young wa Australia alitwaa ubingwa wa dunia San Diego kwa ubao wa futi 9 na inchi 4, na watu wakashangaa jinsi alivyogeuza. Miaka michache baada ya hapo mbao za futi 6 na ushei ndizo zilizotawala, lakini zilitawala chini ya miguu ya watu waliokwisha kujua kupanda zile ndefu.

Upana nitaupita haraka. Ukiwa mwembamba, ubao unayumba kama unakukataa. Ukiwa mpana kupita inchi 23, mikono yako inagonga mbavu zake unapopiga maji, na unapoubeba vidole havifiki ukingoni. Inchi 21 na nusu ni makazi ya amani.

Unene ndipo nitakapokaa, maana ndipo mbao za kwanza zinapofia.

Povu likishatoka halirudi. Fundi cherehani mwenye akili hukata kanzu ikiwa pana, kwa kuwa kupunguza anaweza na kuongeza hawezi. Nawe uanze na povu la kuzidi. Lakini gogo la povu lina siri ambayo kitambaa hakina. Gogo la poliyurethini huumuliwa ndani ya kalibu, na ganda lake la nje huwa gumu kuliko moyo wake. Ukichonga kidogo, unabaki karibu na ganda na ubao unakuwa imara. Ukichonga sana, unafikia povu laini, na msimu mmoja tu visigino vyako vitakuwa vimechimba mashimo mgongoni mwa ubao. Ndiyo maana unachagua gogo lililo karibu na ubao unaoutaka: urefu uzidi kwa inchi mbili tatu, unene uzidi kwa nusu inchi hivi. Na unapopunguza unene, toa zaidi upande wa tumbo, ule unaogusa maji, kuliko upande wa mgongo unaokanyagwa. Mtu anayenunua gogo kubwa kwa kuwa lilikuwa la bei nafuu, akalichonga mpaka likawa ubao mdogo, amelipa kwa ajili ya ganda gumu kisha akalifagia na kulitupa.

Sikia sasa jinsi ubao wa kwanza unavyokonda. Unapima ubavu wa kulia, unakuta umezidi wa kushoto kwa nusu thumni ya inchi. Unapiga msasa. Unapima tena, sasa wa kushoto ndio umezidi. Unapiga msasa. Hujala, hujanywa maji, barakoa imekuacha na alama usoni, na kila ukisimama mlangoni unaona kasoro mpya. Ukija kushtuka, adhuhuri imekuwa magharibi, upana wa inchi 21 na nusu umekuwa 20 na robo, unene umekuwa inchi 2 na kidogo, na mbavu bado hazilingani. Umechonga ubao wa Slater bila kukusudia.

Dawa ya maradhi haya iko kwenye namba, na lazima inywewe kabla ya kuanza. Mistari ya ukingo uichore kwa upana wako halisi, lakini msumeno uende nje ya mstari kwa robo inchi kila upande. Robo hiyo ni ya makosa. Usiihesabu kama mali yako, maana itatumika yote. Unene andika inchi 3 ukitaka kubaki na 2 na robo tatu. Na siku mbavu zitakapotofautiana kwa nusu thumni, ziache. Wimbi halina rula, wala huna unyayo wa kuhisi tofauti hiyo. Tofauti ya robo inchi, hiyo irekebishe, mara moja, kisha uondoke chumbani ukanywe chai.

Kuna uwongo mmoja katika vipimo vitatu vya kawaida, na inafaa ujue mapema. Mbao mbili zinaweza kuandikwa futi 7 na inchi 6 kwa 21 na nusu kwa 2 na robo tatu, na moja ikawa mwalimu mpole na nyingine ikawa nyumbu. Vipimo vitatu vinasema ubao umefika wapi pale ulipozidi. Havisemi chochote kuhusu jinsi ulivyofika. Kwa hiyo ongeza vingine. Pima upana kwenye alama ya inchi 12 kutoka puani: weka inchi 16 na nusu. Pima upana inchi 12 kutoka mkiani: weka 15. Pale ubao ulipo mpana kuliko kote pawe mbele ya katikati kwa inchi mbili au tatu, kwa sababu upana wa mbele husaidia kuliwahi wimbi na upana wa nyuma husaidia kugeuka, na wewe kwa sasa tatizo lako ni kuliwahi. Halafu unene wa alama zile zile mbili, inchi 12 kutoka kila ncha, uwe kati ya inchi moja na nusu na moja na robo tatu. Wachongaji wapya hupenda kuikonda pua, kwa sababu pua nyembamba inapendeza machoni. Pua nyembamba hupendeza ukutani. Majini hunyauka, hupinda, na ikigonga mchanga huvunjika kwanza.

Mbavu ziwe za mviringo na laini kutoka puani hadi karibu na mkia, kisha inchi 12 hadi 18 za mwisho zipate kona kali upande wa chini. Maji hung'ang'ania kitu cha mviringo na kukifuata. Kwenye kona kali huachia. Ukifanya mviringo hadi mwisho, maji yataushika mkia na kukuvuta nyuma. Ukifanya kona kali hadi puani, ubavu utanasa majini kila ukiinama vibaya, na utainama vibaya sana.

Tumbo lifanye bapa, tafadhali. Watakuambia kuhusu mabonde marefu yanayopitisha maji chini ya miguu, mabonde mawili mkiani, na madoido mengine. Ni kweli yana kazi. Lakini bonde la thumni moja ya inchi, lililochongwa na mkono usiozoea, huwa thumni upande huu na robo upande ule, na ubao unakwenda shoto siku zote kama punda anayejua njia ya nyumbani kwake.

Mpindo, yaani jinsi pua na mkia vinavyoinuka ukiulaza ubao kwa tumbo, ni kipimo ambacho hupaswi kukichonga hata kidogo. Unakinunua. Gogo hupasuliwa katikati kwa urefu, vipande viwili vikaunganishwa kwa gundi na uti mwembamba wa mbao, na mkunjo wa ule uti ndio unaoamua mpindo wa ubao. Kwa miaka zaidi ya 40 wachongaji wengi wa Marekani walichagua mpindo wao kwenye orodha ya kiwanda kimoja, Clark Foam cha Gordon Clark, yule aliyeshirikiana na Hobie Alter kuleta povu la poliyurethini sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati mbao bado zilichongwa kwa balsa. Tarehe 5 Desemba 2005 Clark alitangaza kwamba amefunga. Siku hiyo mafundi wazoefu, watu wenye majina makubwa, walijua kwa uchungu kiasi gani cha kazi yao kilikuwa kimeshafanywa kabla gogo halijafika mlangoni kwao. Viwanda vingine vimejaza pengo, na orodha zao zinaeleza mpindo wa kila gogo kwa inchi. Isome.

Kwa ubao wetu, pua iinuke inchi 4 hadi 4 na nusu, mkia uinuke inchi 2. Pima kwa rula ndefu iliyonyooka, uilaze juu ya tumbo ikigusa katikati, kisha upime pengo la kila ncha. Mpindo ukiwa mdogo mno, pua itazama kwenye mteremko wa wimbi na utaruka juu ya ubao wako kichwa kikitangulia. Ukiwa mkubwa mno, ubao unasukuma maji mbele yake na wimbi linakupita chini kama halikukuona. Mwenye randa mpya akijaribu kuongeza mpindo kwa kunyoa pua na mkia, anakata povu pale pale lilipo haba.

Rafiki yako atakushauri uchonge samaki. Simaanishi kitoweo. Ni ubao mfupi, mpana, mnene, wenye mkia uliopasuka kama wa samaki na mapezi mawili, ambao Steve Lis wa San Diego aliutengeneza mwaka 1967 kwa ajili ya kupanda akiwa amepiga magoti. Ni ubao wa furaha, una lita nyingi ndani ya urefu mdogo, na rafiki yako anakupenda. Mkatalie. Kona mbili za mkia ule ni kazi ngumu kuzifunika kwa faibaglasi bila viputo vya hewa. Mapezi mawili yasipoelekea mahali pamoja yatagombana kila unaponyooka, na hakuna pezi la tatu la kuyasuluhisha.

Fanya mkia wa mviringo, usio na kona yoyote ya kuvunjika, unaoendeleza mchoro ule ule wa ukingo. Weka pezi moja, ndani ya sanduku refu la inchi 10 hivi linaloruhusu pezi kusogezwa mbele na nyuma. Tom Blake alipobandika pezi la kwanza kwenye ubao huko Waikiki mwaka 1935, alichukua kipande kutoka kwenye mashua ya mwendo kasi iliyotupwa, na dunia haikuongeza mengi kwenye wazo hilo kwa miongo kadhaa. Mapezi matatu ya Simon Anderson wa Australia, aliyeshinda nayo Bells Beach mwaka 1981, ni kitu bora zaidi kwa kugeuka, lakini yale mawili ya pembeni yanataka kuelekezwa kidogo kuelekea puani na kulazwa kidogo nje, na kosa lake ukishalimwagia rezini halisogei tena. Pezi moja lililo kwenye sanduku likikosea, unalegeza skrubu ufukweni, unalisogeza nusu inchi, unarudi majini.

Msomaji aliye Kilifi au Dar es Salaam, kwako kuna hesabu ya ziada. Pwani yetu ina matumbawe mbele yake kwa sehemu kubwa, na mawimbi ya bahari kuu huvunjikia huko nje. Ndani ya mwamba maji hutulia. Kinachopita juu ya mwamba maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua na kusi likivuma, ni wimbi lililokwisha kuchoka, fupi, lenye upepo ndani yake. Ongeza urefu hadi futi 8, upana hadi inchi 22, na punguza mpindo wa pua kwa nusu inchi. Kuhusu povu, gogo la poliyurethini ni zigo la kusafirisha, na wengi huishia kwenye polistayrini, povu jeupe la kujengea. Chukua lile zito, si la kufungia friji. Na usithubutu kulipaka rezini ya poliesta inayotumiwa kwenye mashua, maana italiyeyusha mbele ya macho yako. Polistayrini inataka epoksi. Povu hilo pia huelea kwa nguvu kuliko poliyurethini kwa kuwa ni jepesi, kwa hiyo usiongeze unene zaidi ya inchi 3, la sivyo utakuwa umekaa juu ya maji badala ya kuwa ndani yake.

Programu za kompyuta zipo, na nyingine ni nzuri. Shape3d ya Wafaransa, kwa mfano, itakuonyesha ubao wako ukizunguka kwenye kioo na lita zake zikiwa na desimali. Itumie kuchapisha kigezo cha ukingo cha nusu ubao, utakachokichora upande mmoja wa uti kisha ukakigeuza upande wa pili ili nusu mbili zifanane. Hizo desimali zisahau. Mkono wako hauna desimali. Mtu akikuambia ubao wake wa kwanza ni lita 51.37, mwombe akuonyeshe alivyoupima.

Kuna njia fupi kuliko zote hizi, nami ningeanza nayo kama ningejua una rafiki mkarimu: azima ubao ambao umewahi kuupanda ukaufurahia. Ulaze juu ya meza, leta futi kamba, rula ndefu na kalipa ya kupimia unene, uandike namba zake zote: urefu, upana wa sehemu tatu, unene wa sehemu tatu, mpindo wa ncha mbili, umbali wa pezi kutoka mkiani. Ongeza robo inchi ya unene, nusu inchi ya upana, na uchonge huo. Hakuna mtu atakayekuuliza ubunifu wako uko wapi. Watakuuliza kama unaelea.

Ukimaliza, kabla ya faibaglasi, washa taa mbili ndefu ubavuni mwa chumba, kwa kimo cha ubao, uzime ya darini. Mwanga wa pembeni hutoa kivuli kwenye kila shimo. Pima upya kila kitu. Namba zitakuwa zimetofautiana na zile ulizoziandika mwanzo, na ni hizi za sasa utakazoziandika kwa penseli kwenye povu, kando ya uti, karibu na mkia, kama mafundi wanavyofanya: urefu, upana, unene, tarehe, na jina lako. Pembeni, kwenye daftari, andika uzito wako wa siku hiyo na ufukwe uliokusudia. Panda ubao huo msimu mzima. Ubao wa pili uchonge kwa namba hizo hizo zilizotoka, ukibadilisha kipimo kimoja tu. Ukishindwa kuamua ni kipi, punguza unene kwa thumni moja ya inchi, na mengine yaache yalivyo.